Daftari la Oda, Upande wa Nyuma

Aprili 29, 2024. Kilo 124

Daftari hili ni la oda zangu za mapishi. Mbele kuna mchele, mbuzi, vitunguu, na nani kalipa nusu nani bado. Leo nimeligeuza nimeanza kuandika kwa nyuma, maana upasuaji wangu wa kupunguza unene nao ni shughuli na nimeshaulipia. Tarehe: Mei 14. Mahali: Dar es Salaam. Mwenye shughuli: mimi.

Vipimo vya kuanzia, kama fundi anavyopima kabla hajatia mkasi. Urefu mita 1.60. Uzito juu hapo. BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, 48.4. Sukari ya asubuhi kabla sijala, 11.2. Presha, vidonge viwili kwa siku. Magoti: siwezi kuchutama, nakoroga pilau nimekaa kwenye kigoda kirefu alichonichongea seremala wa barabara ya nane. Usingizi: mume wangu anasema nakoroma, nanyamaza kimya, halafu nashtuka kama mtu aliyezama akaibuka. Unene haukumtisha hata siku moja. Kimya hicho ndicho kilichomtisha.

Nimejaribu. Mwaka juzi nilikula kabeji na kutembea hadi Raskazoni, hapa hapa Tanga, kila alfajiri, zikaondoka kilo 11. Zilirudi 14.

Daktari alinichorea njia tatu nyuma ya karatasi ya vipimo. Ya kwanza puto. Hilo nilishalisikia redioni, hospitali ya Mloganzila wanaliweka: linapitishwa mdomoni bila kisu, linajazwa maji ndani ya mfuko wa chakula, na baada ya miezi kadhaa linatolewa. Ya pili kuukata mfuko kwa urefu wake, ibaki bomba nyembamba mfano wa ndizi. Robo tatu na zaidi inaondoka, haina marejeo. Ya tatu kukata na kuunga upya ili chakula kiruke sehemu ya utumbo. Hiyo ina nguvu zaidi kwenye kisukari, na masharti yake ya vitamini ni makali zaidi. Nikachagua ndizi. Puto naliogopa kwa sababu najijua: likitoka tu, mimi huyo kwenye sufuria. Tena kile kipande kinachotolewa ndicho kinachotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Nikasema kiende.

Watu wakijua watasema nimekatwa utumbo. Si utumbo, ni mfuko. Aliyewahi kumsafisha mbuzi anajua tofauti yake.

Fedha ni kibubu cha miaka minne na mchezo wangu wa mwisho. Ningenunua Bajaji mpya na chenji ikabaki. Bima walinijibu kuwa hayo ni mambo ya urembo. Nilicheka pale kaunta, nikaja kulia ndani ya basi.

Wanaojua: mume wangu na dada yangu wa Tabata. Mama mkwe hajui na hatajua.

Mei 4. Siku ya 5 ya kusinyaza ini

Siku 14 bila wali, ugali, mkate, sukari wala nazi. Mayai, samaki wa kuchemsha, mtindi mtupu, mchicha. Lengo lake si kilo, ni ini. Langu limejaa mafuta, na ini linaufunika mfuko wa chakula kama kawa. Likiwa nene, vyuma vya daktari havioni pa kupita. Nimekata maini mengi maishani. Lenye mafuta nalijua, lina umanjano, ukilibonyeza kidole kinaacha shimo. Kufikiri kwamba ninalo moja humu ndani kulinisaidia kuliko karatasi yote ya mtaalamu wa lishe.

Na leo ni harusi, mchele kilo 45. Redio tangu jana ni Kimbunga Hidaya tu, mwenye shughuli anapiga simu kila saa kuniuliza habari za turubai, kana kwamba mimi ndiye niliyelifunga. Turubai lilihimili. Mimi ndiye niliyekaribia kuanguka. Pilau likishapakuliwa, mpishi ana haki yake ambayo hakuna anayemnyang'anya: ukoko. Ule wa chini kabisa, uliokunywa mafuta na bizari, unaokwaruzwa kwa ukingo wa upawa. Nilikuwa naula nimesimama, kwa mkono, kabla sijanawa. Leo nimempa kijana wa masufuria ukoko wote wa sufuria mbili. Alinitazama kama nimemgawia shamba.

Mei 13. Kilo 119. Wodini

Vipimo vilishamalizika tangu mwezi uliopita: damu, moyo, ultrasaundi, kamera ya kushuka kooni. Kamera ilikuta vijidudu vya vidonda vya tumbo, nikameza antibayotiki wiki mbili kwanza. Kulikuwa pia na mazungumzo na mshauri nasaha, aliyeniuliza nikiudhika huwa nakula nini. Nikamwambia, mama, mimi sihitaji kuudhika.

Leo nimesaini. Daktari hakunificha kitu: mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kutoka, inaweza kuganda miguuni ikapanda mapafuni, na kufa kupo japo ni nadra. Nikamuuliza swali moja tu, kile kipande mtakitoa wapi? Akasema kupitia tundu moja kati ya matano watakayotoboa tumboni, kinavutwa kama soksi.

Mei 15

Nipo.

Nilivyotishwa navyo havikuniuma. Kilichoniuma ni bega. Wanajaza hewa tumboni ili wapate nafasi ya kufanyia kazi, na ile inayobaki inasumbua misuli ya pumzi, maumivu yakaja kutokea begani. Dawa yake ni kutembea. Jioni ile ile ya upasuaji, nusukaputi haijanitoka vizuri, walinisimamisha nikaburuta chuma cha dripu hadi mwisho wa korido na kurudi, na soksi za kubana hadi mapajani.

Maji: kifuniko cha dawa ya kikohozi kwa robo saa. Funda la kwanza nilihisi njia yake yote. Lilishuka, likasimama, likafikiri, likaendelea.

Muuguzi wa zamu ya usiku alisema kwa sauti, wodi nzima inasikia, kwamba ningejua kufunga mdomo nisingefika huku. Sikumjibu, nilikuwa na robo saa yangu ya kuhesabu.

Mei 28. Kilo 112. Siku ya 14

Nimekaa Tabata kwa dada. Wiki ya kwanza maji, supu iliyochujwa, chai ya tangawizi bila sukari. Ya pili maziwa na unga wa protini unaonuka vanila ya uongo. Shabaha ni gramu 60 za protini kwa siku, sijafika 45. Sindano za kuzuia damu isigande nimejichoma mwenyewe ubavuni mwa kitovu. Dada alikuwa anatoka nje.

Sukari leo asubuhi 6.4. Daktari ameshanipunguzia vidonge. Nguo zilikuwa hazijalegea hata moja na sukari imeshashuka. Hili sikulitegemea, na kama kuna kitu kimoja ningemwambia mwenye kisukari mwenzangu ni hicho.

Nimerudi nyumbani kwa basi. Msata na Segera nilishuka nikatembea hadi konda akaanza kupiga makofi.

Juni, Idi ya Kuchinja. Wiki ya 5. Kilo 109

Nimeruhusiwa vyakula laini vya kupondwa. Kipimo changu nimekipata chenyewe: finjani. Kile kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono. Samaki aliyepondwa na mchuzi wake, finjani moja, dakika 25. Kikizidi kijiko kimoja, kifua kinabana na mate yanajaa. Kunywa na kula pamoja marufuku; nusu saa kati yake.

Na leo Idi. Mbuzi wawili uani, maini ya asubuhi, mchuzi, pilau. Mama mkwe kaja na sinia lake na macho yake. Akanipakulia. Nikala vijiko viwili nikasogeza. Akatazama sahani, akanitazama mimi.

"Mwanangu, chakula changu kina nini?"

"Hakina neno, mama. Nina vidonda vya tumbo, daktari kanipa masharti."

Uongo gani huo! Tanga hii kila nyumba ina dawa ya vidonda vya tumbo. Hadi Idi Pili nimeletewa maji ya kabeji, asali ya nyuki wadogo, unga wa mizizi ambao haukutajwa jina, na shoga yangu kaja na ndizi mbichi zilizokaushwa. Nimeshukuru, nimepanga kabatini.

Mizani imegoma kwenye 109 siku ya 12 sasa. Nilimpigia mtaalamu wa lishe nikidhani mshono umeachia. Akacheka: karibu kila mtu husimama hapo, mwili unajipanga, usipande mizani kila siku. Napanda kila siku.

Julai 20. Kilo 105

Oda ya kwanza kubwa tangu nirudi. Nimeiharibu.

Hili nalo hakuna aliyeniambia wazi. Ulimi umebadilika. Tui la nazi likichemka nageuza uso. Utamu umekuwa mkali mno, na chumvi siisikii. Miaka 19 naonja kwa ncha ya kidole cha shahada na siku zote najua. Leo nikaonja, nikaongeza, nikaonja, nikaongeza. Kijana wa masufuria alikohoa, sikumwelewa. Sinia la kwanza likatoka, likarudi limekatwa pembeni tu. Nikaambiwa kwa adabu, "Mpishi, leo chumvi ilikuwa na haraka." Nimerudisha sehemu ya malipo, hakuna aliyenidai.

Na kama vile haikutosha, kwa hasira na uchovu nikachota kipande cha kuku kikavu nikakimeza nusunusu. Kikakwama. Anayedhani ni kama kupaliwa, sivyo. Pumzi iko, lakini chini ya kifua pana jiwe, na mate yanageuka povu jeupe, zito kama la sabuni, huwezi kumeza, huwezi kutema ukamaliza. Nilikaa nyuma ya banda la kuni nimekumbatia ndoo robo tatu ya saa, taarabu inapigwa upande wa pili. Kikapita. Niliposimama, kijana kashaanza kuosha masufuria peke yake, akanipa kisogo kwa makusudi. Mtoto yule kalelewa.

Kuanzia leo yeye ndiye ulimi. Mimi napima kwa kijiko na mizani: chumvi gramu kadhaa kwa kilo ya mchele, imeandikwa mbele ya daftari. Nimepika muda wote huo bila kuipima hata mara moja.

Septemba. Kilo 100, mguu mmoja nje

Nywele. Zinatoka na kitana kwa mafundo, msusi wangu ananirudishia mkononi bila kusema. Daktari alishanionya: mwezi wa tatu hadi wa sita, mwili ukipungua kwa kasi nywele huanguka, nyingi huota tena. Kula protini, meza madini, vumilia. Navumilia chini ya ushungi.

Lakini watu hawaoni kilo zimekwenda wapi, wanaona mashavu. Nikipita sokoni, "Mbona umepukutika hivyo?" Mwingine, "Pole na maradhi." Halafu wakaacha kuuliza, na hapo ndipo nilipojua wameshajijibu. Huku kwetu mtu mnene akikonda ghafla jibu ni moja, na husemwa kwa mkono mdomoni: ana umeme, yaani virusi.

Wiki iliyopita oda ya akika imefutwa. Watu 150. Mwenyewe alisema wameahirisha. Ijumaa nikasikia sufuria zinagongana mtaa wa tatu, kapika mwingine. Sikulia kwa ile fedha. Mikono yangu hii imelisha mji.

Jumapili asubuhi mama mkwe kaja. Hakuwa na sinia. Shikamoo, marahaba, akakaa kwenye mkeka akatandaza kanga magotini, akaikunja, akaitandaza tena.

"Mwanangu, nimesikia maneno. Sitaki kukuuliza. Nataka kukwambia tu, kama ni lile, siku hizi watu wanameza dawa wanazeeka nazo. Mimi nitakwenda nawe kliniki. Kadi nitakushikia mimi, atakayetaka kutazama anitazame mimi."

Ikawa ule uongo wa vidonda umenikaa kooni kuliko yule kuku. Nikasimama, nikainua gauni, nikamwonyesha. Makovu matano, moja refu kidogo kuliko wenzake. Nikamweleza yote, ndizi, mfuko, fedha.

Akayahesabu kwa kidole bila kuyagusa. "Matano." Kimya. "Na mwanangu alijua?"

"Alijua, mama."

"Basi nyote wawili mmeniona mimi mdomo." Akavaa kanga yake akaondoka, mlango hakuufunga.

Novemba. Kilo 94

Kwa kifupi maana kuna oda tatu. Sukari 5.6, nimebaki na kidonge kimoja. Presha nusu ya dozi. Nachutama! Kigoda nimemrudishia seremala, kakataa, kasema atakuja mwingine. Kukoroma kumekwisha, sasa mume wangu ananigusa usiku kuuliza kama nipo.

Upande wa pili wa hesabu: mikono chini inaning'inia kama mfuko uliomwagwa mchele. Kiungulia usiku nikilala bila mto wa juu. Madini ya chuma hayataki kalsiamu, hayataki chai; na mimi ni mtu wa chai tatu kabla ya adhuhuri, kwa hiyo siku yangu sasa imegawanywa kama zamu za bandarini: chuma alfajiri, chai saa nne, kalsiamu mchana. Na B12. Ya maisha, hii si dozi ya kumaliza. Panadoli nachukua, diklofenaki siruhusiwi tena hata goti likiwaka.

Maneno mtaani yamegeuka. Mama mkwe hajaja kwangu, lakini kumbe huko alikokwenda amesema. Kwa namna yake: kawaambia nimefanyiwa upasuaji mkubwa Dar na wenye wivu wakapime kwanza. Oda zimerudi, na nusu ya wanaokuja kuweka oda wanataka kuona makovu.

Nilionja ukoko. Kipande cha ukucha, nimekitafuna hadi kikawa uji. Mtamu kama ule ule. Cha pili hakikuingia na sikukililia, nikamwachia kijana.

Machi 2025, Ramadhani. Kilo 90

Sifungi mwaka huu. Nimeuliza pande mbili. Daktari kasema lita moja na nusu ya maji kwa mafunda, kati ya magharibi na alfajiri, pamoja na chakula, kwa mfuko huu haitatosha, na bado namaliza dawa. Sheikh kasema mgonjwa kapewa ruhusa na Mwenyezi Mungu, atalipa akiweza. Kumbe walivyo wepesi wao. Mgumu nilikuwa mimi. Kunywa maji mchana jikoni, mlango umefungwa, kama mwizi, na nje wanafunga watoto wa miaka tisa.

Jambo la ajabu, njaa ya mchana sina kabisa, miezi kumi sasa tumbo haliniiti. Kinachoniita ni saa kumi jioni. Kaimati zinapogeuka kwenye mafuta na shira inapoanza kuvuta nyuzi, kuna mtu kichwani anaamka anadai haki yake ya miaka yote. Daktari hakuukata mfuko wa huyo. Nampa tende moja. Siku nyingine mbili, na ya pili huwa naijutia: sukari ikiingia kwa kasi, jasho jembamba, moyo mbio, nalala chali jikoni nikisikiliza wenzangu wanafuturu.

Idi Mosi. Kilo 89

Kwa mama mkwe. Ametualika kwa simu, kupitia mwanawe. Ndugu wamejaa ukumbini, masinia manne, biriani yake ile ambayo hata mimi mpishi siigizi.

Mimi nimejiandaa kwa maneno. Nimekaa karibu na mlango, finjani yangu iko mkobani imeviringishwa kitambaa, nikisubiri wote washike chakula ili niitoe bila watu kuona.

Akapita na upawa sinia hadi sinia. Aliponifikia hakuwa na sahani. Alikuwa na finjani, ile ya maua ya bluu ya seti yake ya harusi ambayo haitoki kabatini. Ameijaza biriani, akaishindilia kwa kidole gumba hadi mchele ukatoa mchuzi ukingoni.

"Kula," akasema, na mbele ya watu wote. "Ukimaliza kuna ya pili."

"Mama, ya pili haiingii."

"Nimekwambia ipo. Sijakwambia ule leo."

Nyama ilikuwa laini, imechambuliwa mapema. Dakika 30. Wakati wa kuondoka akanipa bakuli lililofungwa, nikalifungua kwenye Bajaji: ukoko, umekwaruzwa vizuri, wa wiki nzima.